Nguo Chini ya Godoro

Mvua ilianza kabla hakujapambazuka, na Lesieli alijua itakapodondokea kabla hata ya tone la kwanza. Bati la juu ya kitanda lilikuwa limetoboka tangu kimbunga cha mwaka juzi. Akamgusa mumewe kwa kiwiko.

"Semisi, inuka. Tusogeze kitanda."

Wakakisukuma hadi ukutani, wao wawili na binti yao Pelenaise, polepole, kama watu wanaohamisha mgonjwa. Sasa maji yakawa yanadondoka pale palipokuwa na mkeka wa binti.

"Naise, hamia jikoni," Lesieli alisema.

"Na wewe, mama?"

"Mimi nakaa hapahapa."

Akakaa juu ya godoro, beseni mapajani, akiangalia dari, asije akashtukizwa na tundu jingine. Godoro lenyewe lingelowa lisingemuuma. Chini ya godoro ndiko ilikolala ngatu, nguo ya gome la mti, imekunjwa mikunjo mipana, ndefu kiasi cha kufunika uwanja wa kanisa. Kina mama wa kikundi walikuwa wameipiga kwa nyundo za mbao, wakaiunga kwa gundi ya mhogo, wakaitia rangi. Mwaka huu zamu ilikuwa ya Lesieli, kwa hiyo nguo ilikuwa yake. Mama yeyote Tonga huilaza chini ya godoro mpaka siku ya harusi au mazishi. Lesieli aliilaza kwa ajili ya ada.

Naise alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi. Chuo kikuu kimoja cha Brisbane kilikuwa kimetoa nafasi za masomo ya wiki sita, na yeye alichaguliwa. Chuo kingelipa nusu, familia nusu. Malipo ya kwanza yalishakwenda: nguruwe jike na wanawe wote waliuzwa ili jina la Naise liandikwe. Baki ilitakiwa ifike kabla Ijumaa haijaisha. Wasichana waliokwenda mwaka uliopita walikuwa na kazi wodini. Wenzao wa darasa moja walikuwa sokoni wakiuza kadi za simu.

Na mnunuzi alikuwepo. Bi Hingano, Mtonga mwenzao anayeishi Auckland, alikuwa nchini akitafuta nguo ya harusi ya binti yake. Aliipapasa ngatu, akainusa, akasema atatoa pa'anga elfu nne, hela ya kutosha ada yote iliyobaki. Angekuja na gari Alhamisi.

Mvua ilipokatika, mtoto wa jirani akaja kupiga hodi. Inoke, kaka mkubwa wa Semisi, amefariki hospitali. Mazishi Alhamisi.

Semisi aliketi kizingitini akafunika uso. Lesieli alisimama nyuma yake, na jambo la kwanza lililomjia si Inoke. Lilikuwa godoro. Akaona haya, akaenda kumenya magimbi ya kupeleka msibani.

*

Msibani kila mtu ana mahali pake. Lesieli, mke wa mdogo wa marehemu, mahali pake palikuwa nyuma ya nyumba kwenye tanuri la shimo, nywele hazijachanwa, kiunoni amejifunga mkeka mkuukuu uliochanikachanika, moshi ukimwingia machoni. Ndani, kichwani pa maiti, aliketi Tokilupe, dada mkubwa wa kina Inoke, amevaa mkeka laini, upepeo mkononi. Nguo zote zilizoletwa zilipita mbele yake. Yeye ndiye fahu. Kitu chochote cha nyumba za kaka zake akikishika akasema ni changu, ni chake. Hakuna aliyewahi kulibishia hilo.

Naise alimvuta mama yake pembeni ya moshi. "Nimpigie dada wa ofisini? Tuombe wiki moja."

"Piga. Niwekee nisikie."

Dada wa ofisini alikuwa anaitwa Luseane, ndiye aliyekuwa akishughulikia maombi ya wanafunzi wa hapa kwa niaba ya chuo. Sauti yake ilikuwa ya upole.

"Tuna msiba, dada," Naise alisema. "Baba yangu."

"Maskini. Bwana Semisi?"

"Hapana. Mkubwa wake."

"Ah. Pole sana, mpenzi. Ngoja nikusomee. Wanasema, muda huongezwa kwa kifo cha mzazi, cha mlezi wa kisheria, au cha mwenzi wa ndoa. Baba mkubwa hayumo."

"Kwetu ni baba."

"Kwetu pia, Naise. Mimi ni Mtonga kama wewe. Lakini walioandika si sisi."

"Na zile za kwanza tulizolipa?"

"Zile zimekushikia nafasi. Ukiiacha nafasi, nazo zinakwenda. Jitahidini, mpenzi. Kuna msichana mwingine anangoja."

Simu ikakatwa. Lesieli aliyarudia magimbi yake, akayapanga juu ya mawe ya moto, akafunika kwa majani ya mgomba. Kisha akamwambia Naise, bila kumtazama, "Mpigie Bi Hingano. Mwambie aje leo, asingoje Alhamisi."

Bi Hingano alikuja kweli nyumbani kwa Lesieli, lakini hakushuka garini. Alishusha kioo.

"Nimesikia mna msiba."

"Nguo ni ileile, bibi. Ichukue tu."

"Nguo ni ileile, watu ndio si walewale. Nikiitoa leo humu ndani, kesho Auckland nzima wataniuliza nimemwibia nani. Wifi yako anajua?"

Lesieli aligeuza macho upande wa msibani.

"Basi ngoja ajue," Bi Hingano alisema, akapandisha kioo.

*

Tokilupe alikuja Jumatano mchana. Semisi aliisikia sauti yake tangu barabarani, akatoka kwa mlango wa jikoni, akaenda kwenye shamba la viazi vikuu bila hata viatu. Kwao mwanamume mzima haketi chumba kimoja na dada yake. Wala hamkatalii.

"Karibu, wifi," Lesieli alisema.

Tokilupe alipita sebuleni moja kwa moja hadi chumbani, akaketi kitandani. Miguu yake, iliyovimba tangu zamani, ikaning'inia, haikufika chini. Akaitazama.

"Kitanda hiki kimerefuka," alisema. "Au mimi ndiye nimefupika?"

"Ni godoro jipya, wifi."

"Godoro jipya linanuka gundi ya mhogo?"

Naise alikuwa amesimama mlangoni. Nje kuku alikuwa akiparua majani makavu.

"Ni ya kikundi," Lesieli alisema. "Ya kina mama wote."

"Kina mama wote nimewaacha jikoni kule msibani sasa hivi. Wameniambia zamu ilikuwa ya nani. Wakanipa na urefu wake."

"Wifi, ina kazi yake. Ni ada ya Naise. Isipolipwa Ijumaa anaondolewa."

"Naise ni mtoto wa nani?"

"Wako, wifi."

"Haya. Mtoto ni wangu. Nguo yake je?"

Lesieli alipiga magoti sakafuni, pale pale palipokuwa bado na unyevu wa mvua. "Nina mikeka miwili ya marehemu mama. Mizuri, haijatumika. Chukua yote miwili."

"Mikeka ipo. Upande wa mke wa Inoke wameleta nguo tano. Tano, Lesieli. Sisi ndugu zake wa damu tumeleta mablanketi ya duka la Mchina. Wamekaa barazani pale wanatuangalia wanakunywa chai. Mimi ndiye ninayesemwa, si wewe. Wewe uko motoni huko, nani anakuona?"

"Ni wiki sita tu. Akirudi anapata kazi hospitali. Hiyo miguu yako ataitazama yeye."

Tokilupe aliitazama miguu. Kwa muda alionekana mwanamke mzee tu, aliyechoka, aliyefiwa na kaka.

"Miguu imengoja miaka," alisema. "Inoke anazikwa kesho. Hayo masomo si yatakuwepo mwakani?"

"Hela ya kwanza hawarudishi."

"Basi wezi ni hao. Kagombane nao."

"Shangazi," Naise alianza.

"Wewe nyamaza. Au njoo ushike pembe ile."

Naise hakusogea. Alimtazama mama yake, na Lesieli akaona kwamba angemtazama hivyo mpaka aambiwe. Angeweza kusema, Usishike. Ni neno moja. Akawaza kina mama jikoni, akawaza Semisi amesimama kati ya viazi bila viatu, akawaza siku atakayokufa yeye na nani atakuja.

"Shika, mwanangu," alisema.

Wakainua godoro.

*

Alhamisi ngatu ilikwenda makaburini mabegani mwa wasichana, na Naise akiwa mmoja wao. Watu wa upande wa mke wa Inoke waliinuka kuitazama. Baada ya mazishi ilikunjwa ikawekwa mbele ya Tokilupe, ikawa yake.

Ijumaa usiku ujumbe ukaingia. Chuo kilimshukuru Pelenaise kwa kupendezwa na masomo yao, kikamtakia heri. Naise akamsomea mama yake mara moja, akazima simu.

Baada ya majuma mawili Bi Hingano alipita kuaga, gari limejaa mizigo. Ngatu ilikuwa juu, imefungwa kwa turubai. Lesieli aliijua kwa upana wa mikunjo.

"Sasa nimeinunua kwa mwenye haki nayo," Bi Hingano alisema. "Haina maneno tena. Mikono yako ni ya dhahabu, usiache." Akampa boksi la biskuti.

Lesieli alilipokea kwa mikono miwili, akashukuru.

Halafu ukaja mwezi wa sadaka kuu. Kanisani kwao kila ukoo huitwa kwa jina, mweka hazina husoma mbele ya watu walichotoa, na ukoo wote husimama na kwenda mbele. Mwaka uliopita ukoo wa kina Inoke ulisomwa karibu na mwisho, na watu walikohoa.

Safari hii ulisomwa wa pili.

"Ukoo wa marehemu Inoke na nduguze, kwa mkono wa dada yao Tokilupe. Pa'anga elfu nne."

Mnong'ono ukapita viti vyote. Tokilupe alisimama wa kwanza, polepole kwa sababu ya miguu, machozi yakimtoka kweli. Upande wa wanaume Semisi akasimama, macho chini. Watoto wa Inoke wakasimama. Lesieli akasimama.

Naise alibaki ameketi. Mikono yake ilikuwa mapajani. Kwenye kucha kulikuwa na gundi kavu, maana kikundi kilikwishaanza nguo nyingine, na zamu haikuwa yao.

Tokilupe hakugeuka. Alisema kwa sauti ya chini, midomo haikutikisika, "Mwambie mtoto wako asimame."

Lesieli aliinama, mdomo ukawa karibu na sikio la binti yake. Alifungua mdomo. Kwaya ilikuwa imenyamaza, watu wa viti vya mbele wamegeuza shingo, na mweka hazina ameweka ncha ya kalamu juu ya jina lao, anangoja ukoo wote usimame ndipo atie alama.