Nyasi za Msiba wa Kokugonza

Jovina alifagia sebule, akatoa viti nje, akachukua mundu na kushuka ziwani kukata nyasi. Mama mkwe wake, bibi Kokugonza, alilala chumba cha pili chini ya shuka jeupe. Mchana ndugu wangefika kutoka Buganguzi na Kanazi, wakae na kulala chini, na Mhaya halazi waombolezaji kwenye sakafu tupu.

Zamani nyasi zilikatwa rweya, uwanda wa wote kule mlimani. Sasa rweya ni misonobari ya wenye hati. Zilibaki za kinamasi, pale ziwa linapoingia nchi kavu na kutulia kati ya mafunjo.

Apolinary, binamu wa mumewe, alisimama penye kigingi cha mradi wa kulinda kinamasi, fulana ya kijani, kirungu mkononi.

"Pole na msiba, shemeji. Ila mundu rudisha."

"Mzigo mmoja tu, waitu, ndugu yangu. Wa shangazi yako."

"Nimemkamata hata mama mzazi. Mpaka leo hanisalimii."

"Kwani hizi nyasi mnazipeleka wapi?"

"Haziendi popote, ndiyo kazi yake. Zikioza humu, matope yanafungia hewa ukaa isipande ikachemsha dunia. Wenye viwanda huko mbali wamelipia. Moshi wao unahesabika umezikwa hapa."

"Moshi umepata kaburi, shangazi yako anakosa nyasi."

Apolinary alicheka, kisha akaona aibu. "Nikikuachia, kesho fulana hii anavaa mwingine. Nina watoto, shemeji."

Jovina alipanda kurudi nyumbani mikono mitupu. Majani makavu ya migomba yake yalitosha chumba cha marehemu tu.

Mchana gari la mradi lilileta sukari ya rambirambi, Apolinary, na afisa kutoka Bukoba, Violeth. Afisa alisimama mlangoni akiwatazama mabibi wazee walionyoosha miguu juu ya saruji.

"Jamani, mbona hamjatandika nyasi? Hata sisi wa mjini, Kashai, tunatandika."

Wanawake walimgeukia Apolinary.

"Ziko kwenu, waitu," Jovina alisema. "Zinalaza moshi."

Violeth aligeuka kutafuta kiti. Apolinary alikwisha kunyanyua kimoja.

"Kiache huko huko," Jovina alimwambia. "Msibani tunakaa chini."

Violeth alikusanya sketi yake, akaketi.

"Ni baridi," alisema taratibu.

"Ndiyo," Jovina alijibu. "Na usiku bado."