Viti Vilivyolowa

Bibi alikata karoti vipande vinene, kwa sababu vyembamba vilikuwa vikivurugika kabla ya jioni. Akatandika karoti na viazi chini, akapanga nyama juu yake, akatia kitunguu, chumvi na maji kidogo tu. Chungu cha umeme hakitaki maji mengi. Vyakula vyenyewe hutoa maji yake. Akafunika kwa kifuniko cha kioo, akazungusha kitufe kwenye moto mdogo, akaenda kufua vitambaa vya jikoni.

Chungu kililetwa na mkwewe. Mkwe alikuwa muuzaji wa duka la dawa ambalo hufungwa baada ya maduka mengine yote ya mtaa, na alikuwa amechoka kurudi nyumbani na kukuta watu wanashindia mkate na chai. Siku aliyokileta alikiweka katikati ya meza, akakifuta vumbi kwa mkono wa gauni lake.

"Mama, huyu ndiye mkombozi wetu," alisema. "Asubuhi unatia kila kitu, unawasha, unaendelea na mambo yako. Jioni kila mtu akirudi anakuta chakula cha moto. Ila usifunue kabla ya wakati. Ukifunua, joto lote linakimbia, tunaanza upya."

"Hata kuonja?"

"Hata kuonja."

"Basi huku si kupika," bibi alisema. "Huku ni kuatamia."

Mkwe alicheka mpaka akakaa. Alikuwa mwanamke mwema. Kila alipomkata bibi kucha za miguu, alipasha maji kwanza na kuyajaribu kwa kiwiko, kama maji ya mtoto mchanga.

Walikuwa wanne katika nyumba ile ya ghorofani: bibi, mwanawe, mkwe, na mjukuu waliyemwita Chiriku kwa sababu utotoni hakuwa akifunga mdomo. Siku hizi aliufunga. Alikuwa na masomo ya ziada baada ya shule, na baada ya masomo alikuwa na simu. Baba yake alikuwa fundi wa lifti. Lifti hukwama zaidi jioni, watu wanapotoka kazini na kujazana humo kama dagaa, kwa hiyo simu yake ililia saa ile ile ambayo watu wengine huvuta viti. Bibi alikula peke yake, kisha akampakulia kila mmoja kwa wakati wake. Kila aliyeingia aliona sahani chafu kwenye sinki, akaamini kwamba bibi amekula na aliyetangulia.

Jioni hiyo ya karoti nene, taa za barabarani zilipowaka, bibi alifunua chungu. Mvuke ulitoka mwingi kuliko kawaida. Ulipanda hadi darini, ukatulia kidogo, ukashuka, ukagawanyika mara tatu, ukakaa kwenye viti. Kwenye kiti cha dirishani alikaa mwanawe, mabega yake mapana yakipitisha mwanga wa nje. Kando yake alikaa mkwe. Upande wa pili alikaa Chiriku, ameegemeza kidevu mkononi.

Bibi aliona sahani hazitoshi. Akaenda kuongeza.

Walikuwa watu wazuri mezani. Walisogezeana chumvi. Sauti zao zilitoka kama za watu wanaoongea wamejifunika shuka, lakini maneno yalieleweka. Chiriku alisimulia habari za mwalimu wake aliyefundisha somo zima suruali imevaliwa nyuma mbele, na hakuna aliyethubutu kumwambia. Mkwe alimchagulia bibi kipande cha nyama kisicho na mfupa. Mwana alimuuliza kama bado hulala vibaya.

"Nalala," bibi alisema. "Ila kuna jirani wa juu anayesogeza makabati."

"Nitaenda kumwona," mwana alisema.

Walipomaliza, walififia kuanzia miguuni. Viti vikabaki vimelowa.

Mwana alirudi baadaye kidogo, amebeba mkoba wake wa vifaa, akasimama mlangoni akijishika tumbo.

"Sijui imekuwaje," alisema. "Nilikuwa chini kabisa kwenye shimo la lifti, ghafla nikajikuta nimeshiba."

"Umekula nyama na viazi."

"Na karoti. Zilikuwa tamu." Akakaa, akainuka haraka. "Kiti kimelowa."

"Ulikuwa umekikalia."

Akachukua kitambaa, akakifuta. Akafuta na vingine viwili, maana hakuwa mtu wa kuacha kazi nusu, kisha akaenda kuoga na kulala. Mkwe naye alifika ameshiba. Chiriku alipitiliza chumbani na kusema "Asante kwa chakula, bibi" nyuma ya mlango.

Ikawa hivyo kila jioni. Baada ya muda mkwe alikubali zamu ndefu dukani, kwa kuwa hapakuwa tena na sababu ya kukimbilia nyumbani. Mwana aliacha kubeba biskuti kazini. Chiriku aliongeza somo. Wote walinawiri. Mkwe alinunua vifuniko vya plastiki vya viti, vyenye maua madogo ya buluu, ili mbao zisioze, akamletea bibi na kitambaa cha kufutia kinachonyonya maji vizuri.

"Umeona, mama, mambo yalivyokuwa rahisi?" alimwambia, akiwa amesimama, kiatu kimoja mkononi. "Zamani ilikuwa purukushani kila jioni."

"Nimeona," bibi alisema.

Kwa kweli alikuwa akiona kidogo. Jicho lake la kulia lilikuwa limeingia ukungu, na alidhani ni ule mvuke wa chakula, mpaka alipoona kwamba asubuhi pia, chungu kikiwa baridi, ukungu upo. Akaenda hospitali. Daktari alimmulika, akasema ni mtoto wa jicho, na kwamba ataondolewa Alhamisi.

"Njoo na mtu wako," muuguzi alimwambia. "Utatoka hapa jicho limefungwa, na hilo lingine naona nalo si la kutegemea. Bila mtu hatukufanyii."

"Mtu ninaye," bibi alisema.

Jioni alifunua chungu, akasubiri wote wakae vizuri, akampa mwanawe habari. Mwana wa mvuke aliweka kijiko chini. Akamshika mama yake mkono, na mkono wa bibi ukalowa hadi kwenye kifundo.

"Alhamisi nitakupeleka mwenyewe," alisema. "Lifti zitasubiri."

"Na mimi nitakuja, bibi," Chiriku alisema. "Nitakusimulia kila kitu usichokiona."

Bibi alilala vizuri usiku huo. Hakurudia jambo hilo mwanawe alipoingia, kwa kuwa alikuwa ameshamwambia. Kama viazi vilivyoliwa mezani vilimfikia tumboni huko shimoni, hakuona kwa nini maneno yasimfikie.

Alhamisi alivaa gauni lake la kutokea, akakaa sebuleni na mkoba mapajani. Mwana alikuwa ameondoka alfajiri. Bibi alijua amekwenda kuaga kazini na atarudi. Jua lilihama kutoka kwenye kabati hadi kwenye zulia. Alimpigia simu, haikupatikana. Ndani ya mashimo ya lifti hakuna mtandao. Saa ya daktari ilipopita, alivua gauni, akalitundika, akaenda kumenya viazi.

Chakula kilikuwa kimefika. Maneno hayakufika.

Siku iliyofuata hakuwasha chungu. Alitaka waje na njaa, wakae, awaambie wakiwa na masikio yao wenyewe. Na kweli walikuja na njaa, lakini kila mmoja kwa saa yake. Chiriku alikula mkate amesimama mbele ya friji, mlango wa friji ukiwa wazi. Mkwe alikunywa maziwa akampapasa bibi begani. "Umeme ulikatika, mama? Pole. Hata usijali, tutavumilia."

Mwana aliingia wa mwisho. Bibi alimkamata mkono kabla hajavua viatu.

"Kaa, mwanangu. Nina neno."

Alikaa. Kiti kilikuwa kikavu, na hilo lilimshangaza kidogo. "Sema, mama."

"Ni hili jicho langu. Daktari anataka..."

Simu ikalia. Mwana aliitazama bila kuipokea, na bibi alilihesabu hilo kuwa wema. Ikakatika, ikalia tena. Akapokea. Sauti ya upande wa pili ilikuwa kubwa, hata bibi aliisikia: mama mjamzito amekwama kati ya ghorofa na ghorofa, na uchungu umeanza.

Mwana alimtazama mama yake.

"Unangoja nini?" bibi alisema. "Nenda! Nenda, mtoto wa watu asizaliwe kwenye boksi."

Akaenda. Mama yule alijifungua salama, hospitalini, na mwana alirudi akiwa na furaha na uchovu kiasi kwamba alilala na soksi. Bibi alimvua.

Hospitali ilimpa siku nyingine, na fundi cherehani mwenye duka chini ya jengo ndiye aliyempeleka. Alikuwa mzee mwembamba, mita imening'inia shingoni hata siku za mapumziko, na alikuwa amemwona bibi akipapasa ukuta wa ngazi. Alifunga duka lake katikati ya kazi, gauni la bibi harusi likiwa mezani bila mikono.

"Na mwenye gauni?" bibi aliuliza.

"Atasubiri. Mwenyewe amemsubiri huyo bwana miaka, ashindwe kunisubiri mimi mchana mmoja?"

Muuguzi aliwatazama wote wawili. "Huyu ni nani wako?"

"Jirani."

"Haya. Jirani naye ni mtu."

Kabla ya kuondoka bibi alikuwa ameshawasha chungu, maharage na nyama, na kumwambia Chiriku apite kukifunua kama yeye atachelewa. Walichelewa kweli. Fundi alimnunulia machungwa matatu wakati wa kusubiri, akamenya moja, akamtolea mbegu. Waliporudi, bibi akiwa na bandeji jichoni na mkono kwenye bega la fundi, taa za barabarani zilikuwa zimeshawaka.

"Leo utakula kwangu," bibi alimwambia. "Ni maharage, lakini yamelala kwenye moto tangu asubuhi."

"Sikatai, bi mkubwa. Tangu marehemu aondoke nakula mbele ya cherehani. Hata nyuzi nimeshakula."

Bibi alicheka. Walipofika kwenye ngazi za juu alihisi tumbo linajaa. Alisimama, akashika ukuta. Kwenye ulimi alionja maharage, na chumvi ilikuwa imekolea.

Ndani kulikuwa na kicheko. Bibi alisukuma mlango. Chiriku mwenyewe alikuwa ameshafunua na kuondoka, mkoba wake wa shule haupo. Mezani, mwana wa mvuke alikuwa dirishani, mkwe kando yake, Chiriku upande wa pili akisimulia jambo kwa mikono yote miwili. Na kwenye kiti cha nne alikaa bibi, wa mvuke, macho yake yote mawili yako wazi, akicheka huku akijipangusa kwa ncha ya kitambaa. Mwana alikuwa amemwekea mkono mgongoni.

Fundi cherehani alichungulia juu ya bega lake, akarudi nyuma kwa heshima.

"Samahani. Mna wageni?"

"Hapana," bibi alisema. "Ni sisi."

Fundi alivitazama viti. Hapakuwa na kilichobaki. "Basi nisiwasumbue mezani," alisema. "Familia ikikaa pamoja hivi ni jambo la kushukuru." Akampa machungwa mawili yaliyobaki, akashuka ngazi taratibu, na baadaye kidogo cherehani ilisikika chini ikianza kushona.

Bibi alikaa kwenye kigoda cha jikoni mpaka wamalize. Alisikiliza. Yule bibi wa mezani alijua hadithi nyingi ambazo yeye mwenyewe alikuwa ameshazisahau, na alizisimulia vizuri, na walimtaka aendelee. Walipofifia, alichukua kile kitambaa kinachonyonya, akafuta viti kwa jicho moja, akaosha sahani.

Mwana aliingia akitabasamu.

"Mama, leo tumecheka," alisema. "Nilikuwa juu ya paa la lifti, nikajikuta nacheka peke yangu. Wenzangu wakadhani nimepata kichaa." Kisha akaona bandeji. Mkoba wa vifaa ukamponyoka. "Jicho limekuwaje?"

"Nimetolewa mtoto wa jicho."

"Lini? Nani amekupeleka?"

"Fundi wa chini."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia. Tukiwa tunakula."

Mwana alifikiri. Bibi alimwona akitafuta kichwani, kwa bidii, kama mtu anayepapasa mifuko yake yote.

"Nilijibu nini?"

"Ulisema utanipeleka mwenyewe."

"Basi nilikuwa na maana hiyo, mama," alisema, na macho yakamjaa machozi. "Hakika nilikuwa na maana hiyo."

"Najua, mwanangu."

Alimbusu kwenye paji la uso, juu kidogo ya bandeji, polepole ili asimwumize. Simu ikalia. Safari hii bibi hakumwambia aende. Mwana aliinama akaokota mkoba, akasema atarudi sasa hivi, akateremka mbio.

Bibi alikaa kwenye kiti chake. Plastiki ilikuwa bado na unyevu pembeni, pale ambapo kitambaa hakikufika, na ubaridi ulipenya gauni la kutokea. Alimenya chungwa moja, akala nusu, nusu akamfunikia Chiriku kwa sahani. Baadaye aliondoka akachukua maharage ya kesho, akayachagua kwa kidole kwa sababu jicho lilikuwa bado, akayaloweka. Alipima ya watu wanne. Wote wangekuwepo.