Alama Chini ya Vyuma

Kaka yangu Matonya aliipaka vanishi mara tatu marimba ya marehemu baba, sanduku la mbao lenye vyuma vya kupigwa kwa vidole gumba, ili ipendeze kwenye picha za harusi ya binti yake. Ikapendeza kweli, ila ikaacha kulia. Akatoka nayo Bahi hadi Chang'ombe, kwenye karakana yangu, akiwa ameikumbatia kama mgonjwa.

"Evarista, mdogo wangu, iponye. Harusi Jumamosi."

Sikumcheka, ingawa alistahili. Kukwangua vanishi kwangu ni kazi nyepesi. Shida ni kwamba baba alichonga mbao nyembamba, na ukikwangua bila kujua unene wake unatoboa. Lakini mimi nina kipimo cha sumaku. Nikabandua utando wa buibui uliobandikwa kwenye tundu la sanduku ili sauti ivume, nikatumbukiza gololi ya chuma, nikapitisha kipimo juu. Sumaku ikaivuta gololi kutoka ndani, na kioo cha kipimo kikaonyesha unene wa ubao ulio kati ya sumaku na gololi.

Pembeni namba zilitulia. Nilipokaribia vyuma vya kupigia, zikaruka kama zimepandwa na mashetani. Sumaku ilikuwa inavuta vyuma, imesahau gololi. Na hapo ndipo vanishi ilikuwa nzito kuliko kote.

"Lazima nivitoe vyuma," nikasema.

Matonya akavifunika kwa kiganja. "Havitoki. Sauti hizi kaziweka baba. Hakuna aliyevichomoa tangu tumzike. Ukivitoa, utakuwa umemzika tena."

"Wewe uliyemmwagia vanishi ndiye wa kunifundisha habari za kuzika?"

Hasira ilinipanda, lakini hofu yake ilikuwa na msingi. Chuma kikisogea kidogo tu, sauti yake inabadilika. Marimba mpya naweza kutengeneza hata kesho. Sikio la baba siwezi.

"Kaka, nitavirudisha. Ondoa mkono."

Akauondoa. Nikatoa chuma cha kwanza, nikashika msumari nikwaruze alama pale kilipolalia kijiti kinachokiinua, ili nijue pa kukirudishia. Nikakigeuza. Chini yake tayari kulikuwa na alama, mkwaruzo mwembamba wa mkono wa baba. Cha pili nacho kilikuwa nayo. Vyote vilikuwa nayo.

"Kumbe alikuwa anavitoa," Matonya akasema polepole.

"Sasa tazama vilipokuwa vimekaa."

Kijiti kilikuwa kimeng'arisha kila chuma kando ya mkwaruzo; hakuna hata kimoja kilichokuwa kwenye alama yake. Miaka yote hiyo ya kupigwa, vyuma vilikuwa vikiteleza kidogo kidogo, na kaka akilinda mtelezo huo kama amana.

Nikapima, safari hii namba zikatulia. Unene wa ubao ulitosha. Nikakwangua kwa raha zangu, nikaitoa gololi, nikabandika utando mwingine wa buibui, kisha nikarudisha kila chuma kwenye mkwaruzo wake.

"Piga," nikamwambia.

Akapiga ule wimbo ambao baba alikuwa akitulazia utotoni. Hakufika mwisho. Aliiweka marimba magotini, akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Nilikuwa nimeshamsahau," akasema.