Chembe Zilizotulia

Watu wa idara walimwita Mzee Chembe, na jina lenyewe hakulichukia. Umri wake wa kazi aliumaliza ndani ya chumba kisicho na dirisha, mbele ya hadubini ya elektroni iliyokaribia kugusa dari, akitazama vitu ambavyo jicho la binadamu halikuumbiwa kuviona: chembe moja moja za platini zilizotandazwa juu ya unga wa madini. Platini hiyo ndiyo inayowekwa ndani ya ekzosi za magari ili moshi wenye sumu ugeuke hewa isiyodhuru. Wenye fani huiita kichocheo. Sasa kichocheo nacho huchoka. Chembe zikishikana zikawa mabonge, kazi imekwisha, na gari huanza upya kutema sumu. Zinashikana vipi, na kwa joto gani? Hilo ndilo swali alilolioa Mzee Chembe kabla hajaoa mke.

Akiwa bado kijana alilijibu. Alipiga picha mfululizo zilizoonyesha chembe zikitembea, moja ikiifuata nyingine mpaka zinakutana, tena katika joto dogo ambalo hakuna aliyedhani lingeweza kuziamsha. Picha zile zikazunguka dunia, zikaingia vitabuni. Ukutani pa idara wakatundika moja kubwa kama mlango, na jina lake chini yake.

Mkewe alikuwa mkunga, amestaafu, na ulimi wake haukustaafu naye. Alizoea kuwaambia wageni kwamba yeye katoa watu wazima wazima duniani wakati mumewe anahangaika na vumbi. Lakini mgeni akicheka kupita kiasi, alimkata jicho. Utani juu ya mumewe ulikuwa mali yake peke yake.

Mungu aliwajalia mtoto mmoja tu, kifungua mimba na kitinda mimba kwa mpigo, naye alikuwa binti. Walimwita Sisimizi, maana alipokuwa mdogo alimuuliza baba yake sisimizi mmoja ana chembe ngapi, akaambiwa nyingi, akalia kwa hasira kwamba nyingi si hesabu. Mtoto wa nyoka ni nyoka. Alisoma alichosoma baba yake, na mzee alipostaafu, chumba kile kisicho na dirisha kikawa cha binti. Chuo kilimnunulia hadubini mpya yenye kamera kali, inayoona chembe hata kwa miale hafifu kabisa ya elektroni.

Mwaka wa tatu wa kazi hiyo, Sisimizi aliacha kuja kula kwao Jumapili. Kwanza alisingizia kazi, kisha mafua, kisha hakusingizia kitu. Wazee wakabaki wanakisia mezani. Mama alisema binti ama ana mimba, ama ana mchumba asiyeonyeshika, na kwa maoni yake yote mawili yana dawa. Baba alidhani labda mashine imeharibika na anaona haya kusema. Basi siku moja asubuhi akanunua machungwa, akapanda basi mpaka chuoni bila kuaga.

Alimkuta peke yake mbele ya kioo cha kompyuta. Binti alipogeuka na kumwona, mkono wake ulikimbilia kibonyezo ili kuiondoa picha, ila alichelewa. Mzee alikuwa ameshaiona. Vitone hafifu vya platini vilikuwa vimelala juu ya unga uleule aliokuwa akiutumia yeye. Aliuliza joto ni ngapi, akatajiwa. Lilikuwa lilelile lake. Aliuliza amezitazama kwa muda gani, akaambiwa tangu asubuhi ile, na jana yake, na wiki nzima kabla ya hapo.

"Zimetulia," alisema.

"Zimetulia, Baba."

Akavuta kiti akaketi, mfuko wa machungwa mapajani. Akamwomba binti aongeze miale ifikie nguvu ya ile hadubini ya zamani. Sisimizi akasema sampuli itaharibika. Mzee akarudia ombi, safari hii kwa sauti aliyokuwa akiitumia darasani, na binti akatii. Picha ikang'aa. Kwa muda hapakuwa na kitu. Kisha chembe moja ikatikisika, ikaruka hatua, na nyingine nayo, na mara zote zikawa njiani, zikitembea kama zilivyotembea katika picha ya ukutani. Akamwambia apunguze. Binti akapunguza, nazo zikasimama hapo hapo zilipokuwa.

Mzee Chembe hakuhitaji maelezo. Hadubini yake ya zamani haikuwa na uwezo wa kuona bila miale mikali, na miale hiyo mikali ndiyo iliyokuwa ikizisukuma chembe. Joto halikuwa na habari.

"Kumbe nilikuwa napiga kelele ndani ya zizi," alisema polepole, "halafu naandika kwamba mbuzi hawalali."

Sisimizi hakucheka. Alisema amerudia jaribio kwa kila njia aliyoijua, akitafuta kosa lake.

"Umelipata?"

"Sijalipata."

"Basi ni langu. Andika uchapishe. Wala usipake asali."

"Naweza kungoja, Baba."

"Ungoje nini? Nife?"

Binti akainamisha uso, kwa sababu hicho ndicho hasa alichokuwa amekiwaza, na mzee akajua. Wakatoka nje, maana chumba cha hadubini hakiliwi kitu ndani, wakamenya machungwa wamesimama ukumbini. Nyumbani mkewe alipomuuliza mtoto ana nini, alijibu kwamba ana kazi nyingi.

Makala ilichapishwa. Sisimizi aliiandika kwa heshima lakini hakupaka asali. Hapakuwa na makelele, na pengine makelele yangekuwa nafuu. Simu za mzee zilipungua, tena si kwa siku moja. Zilikauka kama kisima. Kongamano lililomwalika kufungua mazungumzo likamwandikia kwamba ratiba imebadilika. Idara ikapaka rangi ukumbi, ikashusha picha zote, na rangi ilipokauka zikarudishwa zote isipokuwa ile kubwa kama mlango.

Mkewe alizipata habari dukani kwa muuza dawa. Mwanafunzi wa zamani wa mumewe alimshika mkono akampa pole kwa yaliyomfika profesa. Mama wa watu akadhani mumewe amekufa ghafla, hali amemwacha nyumbani anapiga pasi. Alirudi mbio, akamkuta yu hai, na hofu yote aliyokuja nayo ikageuka hasira isiyo na pa kwenda.

Mzee akamweleza. Alimwaga mchele kwenye ungo akampangia punje, akamwonyesha jinsi pumzi ya anayetazama inavyoweza kuzisogeza. Mkewe alielewa upesi. Kisha akauliza jambo moja tu:

"Na huyo mwanao, alikuja kukuuliza kabla hajakuanika?"

Hapo ndipo palikuwa pa kusema. Maneno yalikuwa tayari mdomoni: mimi ndiye niliyemwambia. Lakini wiki zile zote hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa amekasirika kwa ajili yake. Wote walimpa pole, au walinyamaza. Na sasa mkewe amesimama mbele yake, mikono kiunoni, macho yanawaka, amekasirika kwa niaba yake, na mzee akajisikia kama mtu aliyefunikwa blanketi.

"Ni mambo ya kazi," alisema. "Yaache."

Mkewe hakuyaacha. Jioni ile alimpigia simu binti yake, na mzee akiwa ukumbini alisikia kila neno la upande mmoja. Alisema hakuzaa mtoto ili aje amvue baba yake nguo hadharani. Alisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, lakini yeye alimfunza, kwa hiyo hajui kosa hilo tena ni la nani. Kisha akanyamaza akisikiliza, na mzee akangoja kusikia kwamba amegunduliwa. Kumbe binti hakujitetea. Sauti yake ilipenya simuni ikasema tu, "Nisamehe, Mama," na mama akakata simu.

Tangu hapo mama na mwana hawakusemezana. Mzee alikwenda chuoni mara kwa mara, akaketi na binti yake, wakazungumza juu ya miale na joto. Sisimizi hakumuuliza kwa nini hajasema nyumbani. Alikuwa akimngoja, na mzee alijua anangojwa. Kila akirudi alijiambia leo nitasema, akamkuta mkewe amempikia, amemtengea, anamsifia kwa majirani kuliko zamani, na leo ikawa kesho. Kadiri siku zilivyopita neno lilizidi kuwa zito, kwani sasa asingekiri ukweli tu, angekiri pia kwamba aliuficha.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, mkewe alianguka bafuni. Kiharusi. Hospitalini walimlaza upande wa dirishani, mdomo umepinda, macho yamefumba, yule aliyekuwa hakosi neno. Sisimizi alikuja akasimama miguuni mwa kitanda, chupa ya chai mkononi, kama mtu asiyejua kama amekaribishwa. Mzee alimwona amesimama hivyo. Akainama sikioni mwa mkewe akasema yote: machungwa, chembe, miale, na kwamba ni yeye aliyemwamuru mtoto, na mtoto alitaka kungoja. Alisema kwa sauti ya kutosha binti asikie. Kisha akamuuliza muuguzi kama mgonjwa anasikia. Muuguzi akajibu kwa upole kwamba wengine husikia, na hakuna awezaye kujua.

Mkewe hakufumbua macho tena. Alifariki mchana wa siku iliyofuata, watu wakiwa wamekwenda kula.

Baada ya mazishi, ndugu walipokuwa wamekaa sebuleni, shangazi yake Sisimizi, dada mkubwa wa mzee, alisema pasipo kutaja jina kwamba kuna watu huuawa na maradhi na wengine huuawa na kinyongo walichotiwa na watoto wao. Sisimizi alikuwa akikusanya vikombe, akaendelea kuvikusanya. Mzee Chembe akasimama. Akawaambia kwamba binti hana kosa, kwamba aliandika kwa amri yake, na kwamba mkewe hakulijua hilo kwa sababu yeye alimficha.

Walimsikiliza kwa adabu. Alipokwisha, shangazi akatikisa kichwa, akamwambia kaa chini, ndugu yangu, umechoka. Akawageukia wenzake akasema mnaona moyo wa mzazi? Mtoto kamvunja, naye bado anambebea mzigo. Wote wakaitikia. Mzee akarudia, safari hii kwa ukali, nao wakazidi kumhurumia. Huko jikoni maji yalikuwa yakitiririka juu ya vikombe.

Ndugu walipotawanyika, Sisimizi alikuja kukaa kiti cha pili.

"Mama alikufa akiamini nini juu yangu?" aliuliza.

"Sijui, mwanangu."

"Nilikungoja."

"Najua."

Hakumlaumu zaidi ya hapo, na mzee alitamani amlaumu. Binti alichukua mkoba wake akaondoka, na mlango aliufunga taratibu, kama mtu anayetoka chumba cha mgonjwa.

Hawakuacha kuonana. Kazi ilikuwa imebaki, na ilihitaji wawili. Kama miale ilikuwa imedanganya, basi swali la kwanza lilikuwa bado halijajibiwa, na mzee alizijua tabia za unga ule kuliko mtu yeyote aliye hai. Alikwenda chuoni kila Jumanne, akaketi kwenye kiti cha wageni. Walipunguza miale mpaka picha ikawa karibu na giza, wakapandisha joto kidogo kidogo, wakasubiri. Juu ya kazi waliongea vizuri. Juu ya mama hawakuongea kabisa.

Jumanne moja walikuwa wakisubiri hadubini ipoe. Sisimizi alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, macho kwenye kioo kisicho na kitu.

"Jana nilimpigia simu Mama," alisema. "Sikukusudia. Nilitaka kumuuliza kitu, vidole vikaenda vyenyewe. Namba wamempa mtu mwingine. Kapokea mwanamke."

"Alisemaje?"

"Alisema nimekosea namba. Nikamwambia anisamehe, Mama. Akasema si neno, mwanangu, hutokea."

Mzee Chembe akanyoosha mkono kuushika wa binti yake, na binti akauacha ushikwe, ingawa yeye hakushika. Wakakaa hivyo mpaka mashine ilipokuwa tayari, kisha Sisimizi akauvuta mkono wake kwa upole, maana aliuhitaji kwa kazi.