Bunduki ya Mzee Gerishon

Edith alikuwa mchoraji wa vipuri katika karakana moja yenye leseni ya kukarabati silaha za wawindaji, pembezoni mwa Doha. Kazi yake ilikuwa ya kompyuta. Chuma alimwachia Abdulrahman, fundi wa Tanga aliyeishi mtaa wa Muaither. Kwa miaka mitatu wawili hao walikunywa chai ya karaki, ya maziwa na iliki, pamoja kila asubuhi, wakisimuliana ya nyumbani.

Jumapili moja Abdulrahman alimletea bunduki kuukuu ya marisau. Mteja aliyeinunua alitaka mitutu yake miwili itolewe, itiwe mipya ya raifali, apate kuwindia nyati. Edith alipaswa kupima na kuchora. Alipoigeuza aone kitako, aliona waya wa shaba umezungushwa pale mti ulipopasuka, na ncha yake imebanwa kwa msumari wa kiatu. Msumari ule aliushika yeye mwenyewe kwa koleo, akiwa darasa la sita, baba yake akigonga.

Ilikuwa bunduki ya baba yake, marehemu Mzee Gerishon wa Nyandarua, Kenya. Mzee alipofariki, Njenga, kaka yake Edith, alimwambia kwamba ameirudisha polisi kama sheria inavyotaka. Edith akamshukuru kwa kuhangaika peke yake.

Akamwuliza Abdulrahman ilikotoka. Fundi alijibu kwamba imepitia kwa wakala wa Nairobi na karatasi zote ni halali, huku akifuta meza ambayo haikuwa na vumbi. Edith hakuondoka.

"Njenga ndiye aliyenipigia," Abdulrahman akasema mwishowe. "Namba ulimpa wewe, alipokuwa anatafuta kazi huku. Aliniomba nimtafutie mnunuzi, nisikwambie. Nikaona ni mambo ya ndugu."

"Tangu lini?"

"Huu ni mwezi wa tano sasa."

Miezi mitano ya kukaa naye meza moja huku akijua. Na habari ya msumari wa kiatu alikuwa ameshamsimulia, tena si mara moja. Fundi aliitambua bunduki kabla yake.

Saa ya chakula Edith alikaa ngazini akampigia Njenga. Hakukana. Alisema yeye ndiye aliyebaki na boma, Edith yuko kwa viyoyozi, na bunduki ya mtu aliyekufa haina kazi ndani ya nyumba. Kisha akasema yuko kwa mkutano, akakata.

Akampigia mama yao, Mama Peninah. Mama aliitika kwa furaha, akataka kujua kama mzigo umefika salama.

"Mzigo gani, Mama?"

"Si bunduki ya baba yako? Njenga aliniambia umeiomba, ukae na kitu chake huko ugenini. Ndiyo nikatia sahihi. Mtu mwingine nisingempa."

Edith aliona jinsi ingekuwa rahisi kuitikia. Neno moja tu, na mama angelala vizuri. Lakini uongo ule ulikuwa umevaa jina lake, na akiuitikia ungekuwa wake kweli.

"Sikuiomba, Mama. Imeuzwa. Wanataka kuitoa mitutu."

Edith alisikia kuku wa nyumbani.

"Ngoja nikae chini," mama akasema.

Mchoro ule Edith aliukataa. Msimamizi hakuuliza mengi, akampa mchoraji mwingine, na baada ya wiki tatu raifali ikatoka, nzuri kupita Edith alivyotaka kukiri. Abdulrahman alimwomba radhi mara mbili. Edith alimjibu kwa adabu, akahamishia kiti chake upande wa dirisha.

Njenga aliitwa kwenye kikao na wazee wa kanisa, hakufika. Siku hizi mama humpigia Edith kila Ijumaa, siku yake ya kupumzika, na kabla hata ya kumjulia hali humwuliza kwanza kuhusu maneno aliyoletewa na Njenga.

"Yule ng'ombe mweusi, ulisema auzwe?"

"Hapana, Mama."

"Na lile shamba la mtoni, ulisema likodishwe?"

"Hapana, Mama."