Banda Juu ya Mawe

Vitambaa vilikuwa bado vinapepea siku tuliyomzika mke wangu Magdalena. Vilikuwa vipande vya kitenge kikuukuu, kila kimoja kwenye fimbo yake, vimechomekwa nyuma ya nyumba mahali tulipokusudia kujenga banda la kuku. Waombolezaji walivipita wakidhani ni sehemu ya msiba. Mama mmoja alivikwepa kwa heshima, akafanya ishara ya msalaba. Sikumweleza kitu. Vilikuwa vya kuonyesha upepo tu.

Masika ya mwaka uliotangulia, siafu waliingia katika banda letu la zamani. Asubuhi tulikuta manyoya na mifupa, na tetea mmoja amesimama juu ya paa, hataki kushuka. Banda lile nilikuwa nimelichimbia ardhini kama watu wote wafanyavyo, na nguzo zake ndizo zilizokuwa ngazi ya siafu. Nilitaka kuanza jingine siku hiyohiyo. Magdalena alinizuia.

"Usijenge kwa hasira," alisema. "Tazama kwanza mwaka mzima. Huku si kwenu Turiani, ambako mvua hupiga hodi kabla ya kuingia."

"Mwaka mzima kwa ajili ya kuku?"

"Si wewe fundi wa kutazama? Haya, tazama."

Ndivyo alivyozoea kunitania. Useremala sikufundishwa na mtu. Niliupata kwa kufumua vitu vilivyovunjika ili nione vilikuwa vimeshikanaje. Mtu hujifunza hivyo, lakini polepole. Kwa hiyo nikatazama. Masika, mvua ilitoka upande wa bonde na kupiga kwa ubavu, hata paa zuri halikufua dafu bila upenu mrefu. Kipupwe, baridi iliteremka mlimani alfajiri pamoja na ukungu, ikatambaa chini, usawa wa magoti, na kuku waliolala chini waliamka wamejikunyata. Vuli, upepo uligeuka kila siku. Magdalena alikaa mlangoni akichambua mchele na kunisomea vitambaa bila kuinua kichwa. "Sasa kinaelekea kwa Judith," alikuwa akisema. Judith ni mdogo wake. Nyumba yake iko chini kidogo ya yetu.

Alifariki Februari, katika joto kali, hospitalini mjini. Moyo. Kiangazi ndicho kilichokuwa kimebaki, na hatukukimaliza pamoja.

Watu huzungumzia uzito wa huzuni. Mimi sikuona uzito wowote. Nilikuwa kama mtu aliyetoka kung'olewa jino: shavu lipo, analigusa, si lake. Nilikula nilichopewa. Nilisalimiwa nikaitikia. Wageni walipopungua nikaanza kujenga, kwa sababu mbao zilikuwepo na masika yalikuwa yanakaribia.

Lilitoka zuri. Sakafu niliiinua juu ya ile baridi itambaayo, nikaitengeneza kwa fito zenye mwanya ili kinyesi kidondoke chini. Upenu wa upande wa bonde niliurefusha. Chini ya bati nilitandika nyasi, zizuie joto la kiangazi. Ukuta wa upande wa mlimani ulikuwa wa kuchomoa: kipupwe unauweka, joto likija unautoa hewa ipite. Na miguu yote niliisimamisha ndani ya makopo yenye oili chafu, makopo yenyewe juu ya mawe bapa niliyoyatoa mtoni. Hakuna mti hata mmoja uliogusa ardhi. Siafu hawavuki oili.

Ardhi ile si yangu. Ni ya lukolo, ukoo wa mama yake Magdalena. Kwao ardhi hupita kwa akina mama, na mume aliyehamia kwa mkewe ni mgeni wa mkewe. Hatukujaliwa mtoto. Mke akifa, ukoo hukaa siku ya arobaini na kusema kama mgeni abaki au arudi kwao. Hayo niliyajua. Nilijua pia kwamba kaburi liko pale chini ya migomba, na kwamba nikirudi Turiani nitakuwa mtu wa kuja kulizuru mara mojamoja kisha kuaga. Nilitaka kubaki. Nilikuwa na hakika na jambo hilo peke yake, ingawa nililijua kama mtu anavyojua jina la mji ambao hajafika.

Siku ya arobaini mvua ilikuwa imeanza. Baada ya misa na chakula, wazee walikaa barazani. Msemaji wao alikuwa Mjomba Bonifasi, kaka wa mama yake Magdalena. Kabla ya kukaa alikwenda nyuma ya nyumba, akalizunguka banda, akainama, akayatazama makopo na mawe. Kisha akaniita.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mkwe. Banda tumeliona. Kazi safi."

"Asante."

"Linabebeka?"

Nilidhani anaulizia ufundi. "Linabebeka, mjomba. Watu wanne tu, linanyanyuka."

Alitikisa kichwa kukubali. Wazee wakatazamana. Mmoja akashusha pumzi.

"Basi hatutakung'ang'ania," alisema Mjomba. "Umetupa jibu kabla hatujakuuliza, tena kwa adabu. Vijana watakushushia banda hadi Mkuyuni upate gari. Nenda salama, mkwe. Na siku ukija kusalimia, hapa ni kwako."

Niliyasikia maneno yote, lakini yalichelewa kufika. Katika ukoo ule, mgeni anayetaka kubaki huchimba. Hutia nguzo ardhini mchana, watu wakiona. Asiyechimba anaaga, na anawaepusha wenyeji aibu ya kumwambia aondoke. Nilikuwa nimeyaona hayo kwenye nyumba za watu na majiko yao. Haikunipitia akilini kwamba hata banda la kuku linahesabiwa.

Neno moja tu lingetosha. Nilifungua mdomo.

"Asante, mjomba," nikasema.

Judith alinikuta nyuma ya nyumba nimesimama mbele ya banda. Mikono yake ilikuwa na majivu ya kusugulia masufuria.

"Shemeji, wewe una moyo wa namna gani? Dada amelala pale, udongo haujashikana, wewe unafungasha kuku kama mchuuzi wa Mikese!"

"Sijafungasha kitu."

"Na haya mawe?"

"Siafu."

"Siafu nini?"

"Wanapanda kwa nguzo. Wakikuta oili hawavuki."

Alinikodolea macho. Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamponyoka kikawa kitu kingine, akajifuta uso kwa mkono na kujipaka majivu. "Yesu na Maria. Wazee wazima wameaga siafu! Nenda kawaambie."

"Mjomba ameshasema mbele ya watu. Nimkosoe vipi?"

"Nani kakwambia umkosoe? Jembe lile pale."

Nilichimba. Manyunyu yalikuwa yanaanguka na wazee walikuwa bado barazani na vikombe vyao vya chai; mahali walipokaa waliniona vizuri. Niliyatoa makopo, oili nikaimwaga mbali na migomba. Judith aliinua kona moja baada ya nyingine, akinisimanga kwa sauti ya chini muda wote, nami nikaingiza miguu katika mashimo. Banda lilishuka. Sakafu ilirudi karibu na ardhi, kwenye ile baridi niliyoitazama kipupwe kizima. Nilijua kila kitu nilichokuwa nakiharibu, na nilikiharibu kwa uangalifu.

Mjomba Bonifasi alikuja na mwavuli wake.

"Mkwe, mchwa watakula hiyo miti."

"Watakula, mjomba."

Alisukuma udongo wa pembeni kwa ncha ya kiatu, akaangalia ndani ya shimo la mwisho.

"Ongeza kina," alisema. "Hapo ni changarawe. Masika yatalibeba."

Akarudi kwenye chai yake. Niliongeza kina. Judith aliniambia baadaye kwamba nilikuwa nalia, lakini mimi nakumbuka mvua tu.

Sasa kila mwaka, masika yakiisha, nabadilisha mguu mmoja au miwili. Natoa ulioliwa, natia mpya katika shimo lilelile, nashindilia kwa kisigino. Siafu wakipita namwaga jivu la moto kuzunguka nguzo, na mara nyingine naamka nimechelewa, nakuta manyoya. Mwaka huu ulikuwa mguu wa upande wa migomba, uliko upande wa kaburi. Ulitoka mwepesi kama ganda, ndani mtupu. Niliingiza mkono shimoni kutoa mabaki, na chini kabisa udongo ulikuwa na uvuguvugu. Niliuacha mkono humo kwa muda. Kisha nikachukua mti mpya.