Baka Chini ya Kiwiko

Debora alianza kusikia harufu. Alikuwa ameipua sufuria ya maji ya ugali, kaishika kwa kipande cha khanga kuukuu, na harufu ya kuungua ikampanda puani, akadhani ni khanga. Akaitua sufuria, akaigeuza khanga huku na huku. Nzima. Alipougeuza mkono wake wa kushoto ndipo akaona kidole cha mwisho kimetoka lengelenge jeupe kama punje ya hindi. Hakikumuuma. Alikitazama kama kidole cha mtu mwingine.

Akachungulia uani kuhakikisha yuko peke yake, kisha akapandisha mkono wa sweta.

Baka lilikuwa pale pale chini ya kiwiko, upana wa sarafu ya shilingi ishirini, limepauka. Alikuwa ameliona tangu Pasaka. Akajiambia ni choa, akalipaka limau, akaliombea, akaliacha. Lakini choa huwasha, na hili halikuwahi kumwasha hata siku moja. Akaokota kijiti kwenye kuni, akajichoma nje ya baka, akashtuka. Akajichoma ndani ya baka. Hakusikia kitu.

"Ee Bwana," alisema, na hakuendelea, maana alijua analotaka kuliomba na aliona aibu kulitamka.

Mwingine angeweza kujidanganya. Yeye hakuwa na nafasi hiyo. Kile kilikuwa kituo cha kanisa cha kutibu ukoma, kwenye tambarare kavu za Dodoma, na Debora alikuwa mmoja wa vijana waliojitolea kukaa pale mwaka mzima. Kila Alhamisi alifuatana na Elisha, mganga msaidizi, kwenda vijijini kutafuta wagonjwa. Elisha alimfumbisha mtu macho, akamgusa kwa ncha ya pamba, na mtu akaonyesha kwa kidole pale alipoguswa. Asiyeonyesha, Debora aliandika jina lake daftarini. Kisha ni yeye aliyesimama mbele ya watu akasema kwa ile sauti yake ya kwaya: "Ndugu zangu, ukoma ni ugonjwa kama ugonjwa mwingine. Una dawa, dawa ni bure, wala hauna aibu." Alikuwa ameyasema hayo vijiji kumi na saba.

Alitoka Usangi, milimani Upare, mwanzoni mwa mwaka huo wa tisini na tatu. Baba yake alikuwa amepunguzwa kazi kwenye mashamba ya mkonge, na kidato cha tano hakikuwezekana. "Nenda ukamtumikie Mungu mwaka mmoja," baba alimwambia. "Utarudi na barua ya mchungaji, na siku hizi barua ni kitu." Alimwacha pia Erick, mchumba wake, anayeuza mitumba Same. Wazee wa Erick walikuwa wameshafika nyumbani mara moja. Sasa kila alipokaa alimwona mama yake Erick akiuliza taratibu, kwa upole ule unaotisha: Hivi huyu binti alikuwa wapi huo mwaka mzima?

Na siku zilikuwa zinakwenda. Elisha alikuwa akisema kila mara kwamba mshipa wa fahamu ukishakufa, dawa haiufufui. Vidole hujikunja, na vikijikunja ndiyo basi. Alfajiri kabla ya sala Debora alikinyoosha kidole chake juu ya blanketi akakilinganisha na vingine. Nitasema Jumapili, alijiambia. Jumapili ikapita. Akajiambia atasema Jumatano baada ya ibada, na Jumatano nayo ikapita.

Nyumba yao ilikuwa na vijana wanne, na sheria moja kubwa: chakula cha jioni huliwa sinia moja, wao pamoja na bibi Dorothea. Dorothea alikuwa amepona miaka mingi, ila ugonjwa ulipoondoka ulikuwa umekwisha kumla vidole. Alilibana tonge la ugali wa uwele kwa viganja viwili, akalichovya kwenye mlenda asidondoshe hata tone. Sheria hiyo iliwekwa makusudi, mpita njia aone kwa macho yake kwamba hapa hakuna wa kuogopwa.

Debora aliacha kula kwenye sinia. Kwanza alisema tumbo linamsumbua. Kisha akasema amefunga. Mwisho akawa anajipakulia kwenye bakuli lake na kukaa mlangoni.

"Mwenzetu amepanda cheo," alisema Gladness, binti wa Iringa ambaye kitanda chake kilikuwa jirani na cha Debora. Mdomo wa Gladness haukuwa na breki. "Wewe Mpare, unaogopa tutakumalizia mboga?"

"Nimefunga, nimeshasema."

"Umefunga na bakuli limejaa? Hiyo funga nifundishe na mimi."

Wakacheka. Dorothea hakucheka. Alimtazama Debora pale mlangoni, na sweta lake katika joto la mwezi wa kumi, akaliweka tonge chini.

"Mjukuu wangu," alisema, "watu wamelihama sinia mbele yangu tangu nikiwa msichana. Nimewazoea. Wewe nilikuwa sijakuweka humo."

Debora alitaka kusema, Bibi, siukimbii mkono wako, nauogopa wangu. Maneno yakafika kwenye meno yakarudi. Akatoka nje akawamwagia kuku ugali wote.

Alhamisi wakaenda Igwata, mwendo wa saa tatu kwa miguu. Gladness naye alikwenda, amebeba kikapu cha dawa. Mwalimu wa shule ya huko alikuwa ameleta habari ya msichana wa darasa la pili, Raheli, mwenye baka shavuni, ambaye mama yake amemwachisha shule. Wakamkuta mama huyo amekaa mlangoni mwa nyumba yake ya tembe, anapepeta uwele.

"Mbukwenyi," Elisha alisalimu kwa Kigogo.

Mama Raheli akaitikia asiinuke.

"Shikamoo, mama," alisema Debora.

"Marahaba."

"Tumekuja kumwona Raheli," alisema Elisha.

"Hayupo. Yuko Mtera kwa shangazi yake."

Nyuma yake, gizani, mtoto akakohoa. Mama akaendelea kupepeta kana kwamba aliyekohoa ni mbuzi. Elisha akamgeukia Debora. "Dada, zungumza naye. Wewe ndiye mwenye maneno."

Debora akayasema yale maneno. Yalitoka membamba, kama ya mtoto anayesoma asichokielewa. Alipofika kwenye "hauna aibu" akakohoa, akairuka.

"Nasikia hizo dawa zinamkojoza mtu damu," alisema mama Raheli.

"Si damu, mama. Ni rangi ya dawa, kesho yake imekwisha."

"Haya. Mimi shemeji yangu alipoonekana na hayo, walimjengea kibanda kule korongoni. Chakula wakawa wanamwachia juu ya jiwe. Yule hakuuawa na baka. Alikufa kwa kukosa mtu wa kumwambia umeamkaje." Akauweka ungo chini. "Mkishamwandika mwanangu kwenye hilo daftari, kijiji kizima kimesoma. Wewe binti umesimama hapo na vitabu vyako, hebu niambie. Lingekuwa kwako, ungesema?"

Elisha akafungua mdomo amsaidie, mama akamnyamazisha kwa kiganja. "Nimemuuliza yeye."

Debora akalibana daftari kifuani. Neno lenyewe lilikuwa fupi, "ndiyo," na lingetosha. Angelisema, wangerudi kituoni, na hakuna ambaye angejua. Ila alikuwa hajawahi kudanganya akiwa ameshika daftari lile, na aliona kama Mungu amesogea karibu kusikiliza.

Wakati huo Raheli mwenyewe akajitokeza nyuma ya mama yake, kwa udadisi wa watoto. Baka lilikuwa limemshika shavu la kushoto hadi chini ya jicho. Jua likampiga usoni akapepesa. Jicho la kulia likafumba. La kushoto likachelewa, likashuka nusu, likabaki wazi.

Debora alijua maana yake. Jicho lisilofumba huingia vumbi hadi likapofuka, na Igwata haikosi vumbi.

Akampa Gladness daftari. Akavua sweta.

"We, unafanya nini?" Gladness aliuliza.

"Kaka Elisha," alisema Debora, "nipime."

Elisha aliliona baka. Alitoa pamba, akaisokota ncha. Debora akafumba macho, akanyoosha mkono, akakitega kidole cha mkono wa kulia tayari kuonyesha. Akasubiri. Alisikia nzi. Alisikia ndege kwenye mgunga. Alisikia Gladness akivuta pumzi na kuizuia.

"Anza basi, kaka," alisema. "Mbona unanitesa?"

"Nimeshagusa mara nne, Debora."

Akafumbua macho. Elisha akamshika kiwiko, akaupapasa mshipa, akakiona na kidole kilichoungua, uso ukamkunjamana. "Tangu lini?"

"Pasaka."

"Pasaka! Nawe kila wiki uko na mimi!" Akajizuia kwa sababu ya mwenye nyumba. "Na usije ukadhani umelipata kwenye sinia letu. Ugonjwa huu hukaa mwilini miaka kabla haujajionyesha. Pengine ulikuja nao kutoka kwenu."

"Kidole kitarudi?"

"Sijui. Tungeanza Pasaka, ningekujibu."

Dozi ya kwanza humezwa mbele ya mganga. Debora aliimeza pale pale kwa maji ya chupa ya Elisha, na kidonge kimoja kikamkwama, ikabidi anywe tena. Gladness aliandika jina la Debora daftarini.

Mama Raheli alikuwa hajauondolea macho mkono ule. Lakini swali lake alimgeuzia Gladness.

"Huyu mwenzako leo atalala wapi?"

"Kitandani kwake," alisema Gladness. "Mimi niko kitanda cha pili."

"Hamtamjengea kibanda?"

"Hapana, mama."

"Na chakula? Utakula naye?"

Gladness akautazama mkono wa Debora, akaitazama mikono yake mwenyewe. Debora akainamisha kichwa asimwone.

"Nitakula naye."

"Unaogopa wewe."

"Naogopa, mama. Wala sikufichi, naogopa sana. Na nitakula naye."

Midomo ilikuwa inamcheza mama Raheli kama mtu anayesali au anayezuia kilio. Kisha, bila kuinuka, akavuta miguu yake kando ya mlango, kiasi cha mtoto mmoja kupita.

"Nenda," alimwambia Raheli, bado amemshika pindo la gauni. "Nenda wakuone. Mimi niko hapa."